Aina 3,000 za seli za ubongo, na mtoto mmoja mwenye kifafa

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Nimesoma kwamba watafiti wamepata aina zaidi ya 3,000 za seli katika ubongo wa binadamu, nami miaka yote nafundisha nyuroni (seli za neva) za aina tatu tu: za hisi, za mwendo, na zile za kati zinazounganisha. Hizo 3,000 zimehesabiwaje? Na hesabu hiyo inatusaidia nini? Nauliza kwa sababu namlea mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka minne, na ana kifafa kilichoanza kama degedege la homa kabla hajatimiza mwaka. Alianzishiwa kabamazepini, akazidi kuanguka. Akabadilishiwa dawa, sasa ana nafuu. Nikiuliza naambiwa zote ni dawa za kifafa. Kama ubongo ni mmoja na ugonjwa ni mmoja, imekuwaje dawa ya kifafa izidishe kifafa?

JIBU: Marahaba Mwalimu, na pole na ulezi. Swali lako la mwisho ndilo lililobeba yote, na ufunguo wake uko kwenye lile neno lako "kama". Ubongo ni mmoja, lakini kifafa si ugonjwa mmoja. Tena dawa haifanyi kazi "kwenye ubongo" kwa ujumla. Inafanya kazi kwenye seli, na ndani ya seli inashika sehemu moja mahususi. Ikishika sehemu ileile kwenye seli ya aina nyingine, matokeo yanaweza kuwa kinyume kabisa. Ndiyo maana watu wanahangaika kuhesabu aina za seli. Niruhusu nianze na hizo 3,000, kisha nirudi kwa mtoto.

Aina tatu unazofundisha si kosa. Zinatokana na uti wa mgongo: mtu amekanyaga msumari, nyuroni ya hisi ikapeleka habari, ya kati ikapokea, ya mwendo ikavuta msuli na mguu ukaruka. Ni mfano mzuri, hata mimi nauanza nao. Taabu inakuja ukijaribu kuuingiza ubongo mzima katika mpango huo, kwa sababu karibu kila kitu kinaangukia kwenye lile fungu la kati. Binadamu ana nyuroni zipatazo bilioni 86, kwa hesabu ya Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazil iliyochapishwa mwaka 2009. Kama bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, na kama bilioni 16 kwenye gamba la ubongo. Nyuroni za hisi zinazoanzia kwenye ngozi, kwa mfano, mwili wake haumo hata ndani ya ubongo. Kwa hiyo fungu la tatu ni gunia, na ndani ya gunia hilo ndimo kilimo kifafa cha mtoto wako.

Wa kwanza kulifungua gunia hilo alitumia rangi. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alibuni rangi ya madini ya fedha yenye tabia ya ajabu: inashika seli chache tu kati ya nyingi, na hizo chache inazipaka nyeusi nzima, kuanzia mwilini hadi ncha ya tawi la mwisho. Ni kama kuingia kwenye mikoko usiku na tochi inayomulika mti mmoja tu kwa wakati. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliichukua rangi hiyo mwaka 1887, akachora alichokiona kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba kila seli imesimama peke yake na kwamba maumbo yake ni mengi mno. Golgi mwenyewe alishikilia kwamba zote ni wavu mmoja usiokatika. Walipewa Nobel pamoja mwaka 1906, wakiwa bado wanapingana.

Lakini umbo peke yake linadanganya. Seli mbili zinaweza kufanana kama mapacha na kazi zao zikawa mbali. Ndiyo maana siku hizi tunauliza swali jingine: seli hii inatumia jeni zipi? Kama unavyowafundisha wanafunzi wako, kila seli ya mwili ina kitabu kilekile cha jeni. Seli ya ini na seli ya ubongo zinatofautiana kwa kurasa zilizofunguliwa. Seli ikitaka kutumia jeni, inatoa nakala ya RNA, mfano wa mpishi anayenakili ukurasa mmoja wa kitabu cha mapishi akaenda nao jikoni. Ukizikusanya nakala zilizomo kwenye seli moja, umejua jiko hilo linapika nini.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kipande cha ubongo wa mtu aliyefariki, uliogandishwa, kinapondwa taratibu mpaka viini vya seli vinaachana. Kila kiini kinafungiwa ndani ya tone dogo la maji lililozungukwa na mafuta, pamoja na msimbo wake wa siri. Mwalimu, fikiria namba ya mtihani. Karatasi za nchi nzima zinaweza kuchanganywa na kusahihishwa pamoja, kwa sababu kila moja ina namba ya mwenyewe. Nakala za RNA nazo zinasomwa kwa mkupuo, kisha kompyuta inazirudisha kwa wenyewe kwa kufuata namba, na viini vinavyofanana vinawekwa fungu moja.

Oktoba 2023 timu ya taasisi ya Karolinska ya Stockholm, pamoja na Allen Institute ya Seattle, ilichapisha matokeo ya viini zaidi ya milioni 3 kutoka sehemu kama 100 za ubongo wa watu watatu waliofariki. Walipata makundi 461, na ndani yake vijikundi 3,313. Hiyo ndiyo 3,000 uliyoisoma. Miezi miwili baadaye ikatoka ramani ya ubongo mzima wa panya wa maabara: seli kama milioni 4, makundi 5,322.

Usidhani panya ana ubongo tata kuliko wetu. Hesabu hizi zinategemea umechukua seli ngapi kutoka wapi, na umekata mafungu yako kwa unene gani. Mwulize muuza maembe ana aina ngapi. Mmoja atakwambia mbili, mabichi na mabivu. Mwingine atakutajia dodo, boribo na ngowe. Wa tatu atatofautisha hata dodo la Tanga na la Muheza. Wote wanasema kweli. Kwa hiyo namba 3,313 usiwakaririshe wanafunzi, kwa maoni yangu itabadilika tena na tena. Kilichonivutia mimi ni jambo jingine: aina nyingi ajabu zilikutwa kwenye sehemu za chini na za kale za ubongo, pamoja na shina linaloendesha pumzi na usingizi. Tulizoea kudhani kwamba utajiri wote umo kwenye gamba la juu.

Sasa tuje kwenye tofauti moja inayomhusu mtoto wako kuliko zote.

Ukitazama gamba la ubongo utakuta pande mbili. Upande mmoja ni seli za kuchochea. Zinamwaga kemikali ya glutamati kwenye sinapsi, yaani pale seli moja inapokutana na nyingine, na seli inayopokea inasogea karibu na kupiga umeme wake. Upande wa pili ni seli za kutuliza. Zinamwaga kemikali iitwayo GABA, na seli inayopokea inarudishwa nyuma. Kwa panya, seli za kutuliza ni karibu moja katika kila tano za gamba. Kwa binadamu ni zaidi kidogo. Ni wachache, lakini ndio wanaoamua nani apige na apige lini.

Fikiria darasa lako, Mwalimu. Wanafunzi arobaini, na kati yao viranja wachache. Si kwamba viranja wamekuja kuua mazungumzo. Bila mazungumzo hakuna somo. Kazi yao ni kuhakikisha watu hawaongei wote kwa pamoja. Kifafa ndicho hicho hasa: maelfu kwa maelfu ya seli kupiga kwa pamoja, mdundo mmoja, bila wa kuzikatiza. Wengi husema kifafa ni "umeme kuzidi kichwani". Si vibaya, lakini kinachozidi hasa ni kupiga kwa pamoja.

Na viranja wenyewe, yaani seli za kutuliza, si wa aina moja. Wapo waitwao seli za kikapu, ambao huisuka mikia yao kuuzunguka mwili wa seli nyingine kama ukindu. Hawa wanaweza kupiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde bila kuchoka, na wanaposhika mwili wa seli wanaidhibiti ikiwa karibu kabisa kuamua. Wapo walio kama thurea, zile taa za vinara vingi zinazoning'inia darini. Kila kinara chao kinashuka mahali pamoja tu, pale mkia wa seli nyingine unapoanzia, yaani mlangoni kabisa umeme unapotokea. Wapo wengine wanaoziacha shina na mwili, wakaenda kwenye matawi ya mbali kuzuia habari isiingie. Na wapo wa aina ya nne, ambao kazi yao kubwa ni kuwanyamazisha viranja wengine, kama mwalimu wa zamu anayemwita kiranja nje ili darasa lichangamke kidogo. Aina hii ilieleweka vizuri mwaka 2013, kwa maabara kadhaa kwa mpigo. Ukizituliza seli za kutuliza, umechochea. Kwa hiyo hata neno "kutuliza" halikuambii kitu mpaka ujue inamtuliza nani.

Hapo ndipo saketi za neva zinapoingia, maana aina ya seli bila kujua imeunganishwa na nani ni orodha ya majina tu. Minyoo midogo ya maabara yenye nyuroni 302 ilichorwa muungano wake wote mwaka 1986. Ikachukua karibu miaka arobaini kufika kwa nzi wa matunda, wale vijidudu wanaozungukia ndizi zilizoiva. Ubongo wake haufiki mbegu ya mchicha, lakini mwaka 2024 ulipochorwa wote ulikutwa na nyuroni 139,255, sinapsi zaidi ya milioni 50 na aina 8,453 za seli, zaidi ya nusu zikiwa hazijawahi kuandikwa popote. Mwaka 2025 ikaja punje ya ubongo wa panya, milimita moja ya ujazo, kiasi cha chembe ya mchanga: seli zaidi ya 200,000 na sinapsi zaidi ya milioni 500. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba panya yule alionyeshwa filamu kwanza na seli zake zikarekodiwa zikifanya kazi, ndipo ubongo ukakatwa vipande vyembamba na kupigwa picha. Na walichokiona kuhusu viranja kinafurahisha: hawatulizi ovyo yeyote aliye karibu. Wanachagua.

(Ramani hizi za nzi na panya ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Shule yako ikiwa na kompyuta moja na bando, wanafunzi wanaweza kuzungusha nyuroni halisi kwenye skrini badala ya ule mchoro wa kitabuni wenye mwili, mkia na mishale. Jaribu, utaona macho yao.)

Turudi kwa mtoto. Ili seli ipige umeme, inafungua milango midogo ya protini kwenye ngozi yake, sodiamu inaingia kwa kasi, na hiyo kasi ndiyo umeme wenyewe. Milango ya sodiamu iko ya aina kadhaa, kila aina na jeni yake. Moja ya jeni hizo inaitwa SCN1A. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji waliwapima watoto saba wenye kifafa kikali cha utotoni, ambacho daktari Mfaransa Charlotte Dravet alikuwa amekieleza mwaka 1978 na sasa kinaitwa kwa jina lake, wakakuta wote saba wana kasoro kwenye SCN1A. Kasoro hizo nyingi zinaua nakala moja ya jeni, kwa hiyo mtoto anabaki na nusu ya milango hiyo.

Wataalamu wakakuna vichwa. Mlango wa sodiamu ndio unaoleta umeme. Ukipunguza milango, umeme upungue. Imekuwaje mtoto mwenye milango michache apate kifafa, tena kikali?

Jibu lilikuja mwaka 2006 kutoka maabara ya William Catterall huko Seattle. Walitengeneza panya wenye kasoro hiyohiyo, na hawakuishia kupima "ubongo". Walipima seli moja moja kwa aina yake. Seli za kuchochea zilikuwa salama kabisa, kwa kuwa zinategemea zaidi milango ya aina nyingine. Zilizoathirika ni seli za kutuliza, hasa zile za mbio, wenye kupiga mara 100 kwa sekunde, wanaohitaji kila mlango walio nao. Nusu ya milango ikipotea wanaanza kusuasua. Viranja wamepoteza sauti, na wanafunzi hawana tatizo lolote. Darasa linalipuka, na ukisimama mlangoni ukisikia makelele utaapa kwamba tatizo ni wanafunzi.

Mtu angechukua kipande kizima cha ubongo na kupima wastani wa milango yote, angekosa jambo hili. Seli zenye tatizo ni chache, zingemezwa na walio wengi. Nikiulizwa kazi ya kutenga aina za seli imeleta faida gani, huu ndio mfano ninaoutoa kwanza kila siku.

Kabamazepini inafanya nini? Inaziba milango ya sodiamu, hasa kwenye seli inayopiga haraka haraka. Kwa wagonjwa wengi hiyo ni baraka, kwa sababu seli zinazopiga haraka wakati wa kifafa ni zile zilizoshikwa na wazimu wa kupiga, na dawa inazikaba hizo kwanza. Ni dawa nzuri na imewarudisha watu wengi kazini na shuleni. Lakini mpe mtoto ambaye viranja wake wamebaki na nusu ya sauti. Wanaopiga haraka kuliko wote kichwani mwake ni haohao viranja. Dawa inamalizia sauti iliyobaki. Fenitoini na lamotrijini nazo hushika milango hiyohiyo, na kwa watoto wa namna hii huleta shida ileile.

Fenobabitoni, ambayo ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 kwa daktari Mjerumani Alfred Hauptmann, inapita mlango wa nyuma. Haigusi sana sauti ya kiranja. Inafanya kile kidogo anachosema kisikike kwa muda mrefu zaidi kwa anayepokea GABA. Diazepamu na klobazamu ni za ukoo huo pia. Sodiamu valproeti inafanya kazi kwa njia zaidi ya moja, na kwa ugonjwa wa Dravet ndiyo ambayo madaktari wengi huanza nayo, mara nyingi ikifuatiwa na klobazamu.

Sasa naomba unisikilize vizuri, Mwalimu. Sijasema mtoto wako ana Dravet. Ni ugonjwa adimu, mtoto mmoja katika 15,000 au zaidi. Kabamazepini huzidisha pia aina nyingine za kifafa, kama kile cha mtoto kuduwaa sekunde chache na kile cha kushtukashtuka mikono. Na degedege la homa kwa watoto wetu mara nyingi sana ni malaria au homa nyingine, linapita na halirudi. Lakini mambo matatu uliyoyaandika, kuanza kabla ya mwaka mmoja, kuanza na homa, na kuzidi kwa kabamazepini, yakikutana kwa mtoto mmoja ni lazima daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto ayasikie yote kwa pamoja. Mweleze kama degedege za mwanzo zilikuwa ndefu, kama ziliwahi kushika upande mmoja wa mwili kisha siku nyingine upande wa pili, na kama mtoto alichelewa kusema au kutembea baada ya kuanza vizuri. Kipimo cha jeni hiyo kipo. Hapa kwetu ni cha gharama na mara nyingi sampuli inasafirishwa, lakini daktari mzoefu anaweza kuchagua dawa kwa maelezo mazuri hata kabla ya kipimo.

Niseme jambo moja kwa uchungu kidogo. Hapa kwetu sehemu kubwa ya kifafa haihitaji ramani ya seli 3,313 ili kuzuiwa. Mtoto anakosa hewa wakati wa kuzaliwa. Malaria inapanda kichwani. Bodaboda inaanguka na dereva hana kofia. Mayai ya tegu wa nguruwe yanaingia tumboni kwa mikono michafu, na mabuu yanakwenda kutulia ubongoni. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, wagonjwa wa kifafa wamekuwa wengi kwa miongo kadhaa, na ushahidi unazidi kukihusisha na usubi unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, ilhali katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba inayostahili. Fenobabitoni ina zaidi ya miaka mia, bei yake ni ndogo, na bado kuna zahanati inakwisha miezi mizima. Nafanya utafiti wa seli na ninaupenda, lakini nikiona hivyo moyo unauma.

Hata hivyo sikubali ukiambiwa kwamba utafiti huu ni anasa ya wenye nacho. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine walichukua panya wenye kifafa na kuwatia kwenye seli za kutuliza za sehemu iitwayo hipokampasi protini ya mwani inayofunguka ikipigwa na mwanga. Kompyuta ikawa inasikiliza umeme wa ubongo. Shambulio likianza, taa inawaka, viranja wanaamshwa, na shambulio linakatika. Seli zilizoamshwa hazikufika asilimia 5 ya nyuroni za sehemu ile. Huhitaji kuuzima ubongo mzima kwa usingizi wa dawa ili kuzima kifafa. Inatosha kuwajua walio sahihi na kuwafikia.

Kwa binadamu hatujafika kwenye taa, lakini njia nyingine zimeanza. Tangu mwaka 2022, Marekani wapo watu wazima wenye kifafa kisichosikia dawa ambao wamepandikizwa seli za kutuliza zilizooteshwa maabara, moja kwa moja kwenye hipokampasi. Majaribio bado yanaendelea na wagonjwa ni wachache. Kwa watoto wenye Dravet, kuna dawa inayodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili ile nakala nzima ya SCN1A iliyobaki izalishe zaidi na kufidia iliyokufa. Nayo iko kwenye majaribio. Na kwa panya, watafiti wa Allen Institute na wengineo wametumia ramani za jeni kupata "swichi" zinazowaka ndani ya seli za kutuliza tu. Unaifungasha jeni isiyo na kasoro, ikiwa imegawanywa vipande viwili kwa kuwa ni ndefu mno, pamoja na swichi hiyo ndani ya virusi visivyodhuru, unaidunga, na hata ikiingia kwenye kila seli itawaka kwa viranja peke yao. Bila ile hesabu ya aina za seli, swichi hiyo isingepatikana. Ndiyo faida uliyoniuliza, na ingawa haijafika dirisha la dawa la wilayani, nadhani unaiona sasa inavyoelekea huko.

Ningependa pia ubongo wa watu wetu uwemo kwenye ramani hizo. Ubongo wa watu watatu hauwezi kusema kwa niaba ya binadamu wote, na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote. Wanafunzi wako wa leo ndio watakaoifanya kazi hiyo, kwa hiyo usiwaache na aina tatu tu. Waambie zipo za kuchochea na za kutuliza, na kwamba kila upande una makabila yake.

Kwa mtoto, usibadilishe wala usikatishe dawa anayotumia sasa, hata akikaa miezi bila kuanguka. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta shambulio lisilokoma. Homa ikianza, ishushwe mapema na apimwe malaria siku hiyohiyo. Chanjo zake asikose, ila mweleze nesi kabla ya sindano ili mjipange kwa homa inayoweza kufuata. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa, na mwombe mtu mwingine achukue video kwa simu, mwili mzima uonekane. Dakika moja ya video humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kisha chukua kalamu leo. Kwenye jalada la daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa, andika jina la dawa iliyomzidisha kama lilivyokuwa kwenye pakiti, mwezi aliopewa, na kilichotokea. Ongeza sentensi moja: "Tafadhali wasiliana na daktari wake kabla ya kumpa fenitoini." Nakuambia hivi kwa sababu shambulio likizidi dakika tano mtamkimbiza hospitali, pengine usiku, kwa mhudumu asiyemjua. Diazepamu itakuja kwanza, na hiyo ni sawa. Isipokata, sindano inayofuata mahali pengi ni fenitoini, na muuguzi wa zamu atakuwa na dakika chache sana za kusoma. Hakikisha jalada hilo ndilo la kwanza kuingia mkononi mwake.